Jicho la Mkaguzi wa Mikanda

Kiwandani kwetu tunashona vitu vya turubai: mahema, mifuko mizito ya kubebea vyombo vya mafundi, na mikanda ya usalama, ile wanayojifunga watu wanaopanda minara na nguzo za umeme. Mimi nakaa karibu na dirisha, cherehani yangu inakoroma kuliko zote, na kazi yangu ni kushona kingo za mikanda. Kila nilichokishona kilipita mikononi mwa mama mmoja aliyekaa peke yake mwisho wa ukumbi, kwenye meza ndefu chini ya taa nyeupe. Yeye ndiye mkaguzi. Mkanda haukutoka kiwandani bila muhuri wake. Na mkanda ukiwa na kasoro, hakuurudisha ukarekebishwe. Aliukata kwa mkasi palepale, mbele ya macho ya aliyeushona, akautupa kwenye pipa.

Unaweza kufikiri mwenyewe tulivyompenda.

Alikuwa na macho madogo mno, ya mviringo, meusi, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Akikukazia hujui kama anakuangalia wewe au anaangalia kilicho nyuma yako. Mafundi walimwita Tundu la Sindano, kwanza kwa ajili ya hayo macho, pili kwa sababu kitu kinene kuliko uzi hakikuwahi kumpita. Walimwita hivyo kisogoni, lakini alijua. Siku moja fundi mgeni, aliyedhani ndilo jina lake la kuzaliwa, alimwendea kwa adabu zote akamwambia, "Shikamoo, mama Tundu." Ukumbi mzima uliona haya, hata cherehani yangu. Mama wa watu akaitikia marahaba, akaupokea mkanda wa yule kijana, akaukagua mshono kwa mshono, akaupiga muhuri. Hakuna aliyesikia zaidi.

Nje ya kiwanda tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mimi nilimjua na upande wake wa pili. Mumewe alifariki mapema, akabaki na mtoto mmoja wa kike, naye alimlea kwa mkono uleule uliokagua mikanda. Mtoto mwenyewe tangu anajifunza kusema alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Ukimtuma dukani, anarudi na chenji na sauti ya muuza duka. Tukambandika jina la Kasuku. Alipokua akazifuata lugha kama wengine wanavyofuata mpira, akasoma, akawa mkalimani. Anaitwa kwenye mikutano, hospitalini, mahakamani, popote ambapo watu wawili wanataka kuelewana na ndimi zao zimegoma. Mimi ananiita mama mdogo, ingawa hatuna damu moja.

Mama yake Kiingereza chake kiliishia kwenye maboksi ya nyuzi. Aliijua kazi ya binti yake kwa kuisikia tu. Wakati Kasuku yuko kazini, na yeye yuko kazini, hakuwahi hata mara moja kumwona akifanya ukalimani.

Basi ikatokea kwamba mhandisi mmoja, mgeni kutoka nchi za mbali, alikuwa juu ya mnara wa simu siku ya upepo. Akakanyaga chuma kilichokuwa kimeoza kwa kutu, chuma kikang'oka, naye akaondoka nacho. Kilichomzuia asifike chini ni mkanda uliotoka kwetu. Alining'inia hapo, dunia ikizunguka chini ya viatu vyake, mpaka wenzake walipompandia na kumshusha mzimamzima. Alipopata nguvu ya kuufungua ule mkanda aliugeuza ndani nje, akakuta jina la kiwanda na muhuri wa mkaguzi. Akamwandikia meneja kwamba anataka kuja kumshukuru mwenye muhuri huo, ana kwa ana.

Meneja nusura apasuke kwa furaha. Meza zikatandikwa vitambaa, kipaza sauti kikaazimwa, na fundi seremala akaagizwa kabati dogo la kioo ili ule mkanda uwekwe mlangoni, kila mnunuzi auone akiingia. Akatafutwa na mkalimani, na ofisi ya wakalimani ikamleta Kasuku. Meneja hakujua huyo ni nani. Kasuku mwenyewe ndiye aliyemwambia mapema kwamba anayeshukuriwa ni mama yake mzazi, na kwamba meneja akiona haifai, atamtuma mwenzake. Meneja akasema inafaa sana, tena sherehe itanoga.

Siku ikafika. Baada ya chakula cha mchana tulizima cherehani, tukageuza viti kuelekea meza kuu. Mama mkaguzi alikuja na aproni yake ya kazi, nyuzi zimemganda kifuani, mkasi mfukoni. Meneja alipomnong'oneza avue, alijibu kwamba shukrani zikiisha yeye anarudi mezani, na kuvaa na kuvua ni kupoteza muda. Kasuku alisimama pembeni ya mgeni, amevaa suti ya kijivu, mikono ameikunja mbele, ametulia kama maji ya mtungini.

Mgeni alikuwa mrefu, mkono mmoja bado umefungwa bandeji. Alisema kidogo, akanyamaza, Kasuku akakichukua na kutuletea sisi. Alieleza upepo ulivyovuma, chuma kilivyolia kabla ya kung'oka, na jinsi alivyomkumbuka mtoto wake ambaye asubuhi ile alikuwa hajamuaga vizuri. Nakwambia kweli, baada ya muda tulisahau kama kuna lugha mbili mle ndani. Sauti ya Kasuku haikupanda wala haikushuka, lakini maneno yalitufikia yakiwa bado ya moto. Nikamtazama mama yake. Hakuwa anamwangalia mgeni kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mtoto wake, ameyakaza kama anavyoukazia mshono.

Ndipo mgeni akasema jambo, akatabasamu, akamnyooshea mkono mama mkaguzi. Kasuku, kwa mara ya kwanza, alichelewa kidogo. Alivuta pumzi, kisha akasema, "Anasema meneja amemweleza kwamba mkaguzi huyu ana jicho kali. Mkanda haumpiti mpaka auchungulie ndani ya mshono. Na yeye anamshukuru Mungu kwa ajili ya jicho hilo."

Tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, mtunza stoo akasimama.

Lazima nikueleze mtunza stoo ni mtu gani, usije ukamchukia bure. Ni mzee mwema, ujanani alifanya kazi jikoni kwenye meli za mizigo, na Kiingereza chake alikipata humo pamoja na makovu ya mafuta ya moto. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha kosa likapita. Hata redio hugombana nayo. Alivua kofia, akaomba radhi kwa meneja, akasema, "Neno alilolisema mgeni silo hilo. Amesema 'beady'. Nalijua, mpishi mkuu aliniita hivyo mimi mwenyewe siku aliyodhani nimeiba nyama. Ni macho madogo ya panya, ya mtu mwenye hila. Binti amempambia mama yake."

Baadhi ya mafundi waliinamisha vichwa, wakikumbuka jina wanalomwita kisogoni. Meneja alinyanyuka ili amkalishe mzee, lakini Kasuku akainua mkono.

"Mtunza stoo hajakosea kusikia," alisema. "Naomba nimuulize mgeni."

Akamgeukia mhandisi, wakasemezana kwa Kiingereza. Tuliona yule bwana akiwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema maneno mengi, akagusa kifua, akaonyesha kimo cha mtu mfupi, akagusa kifua tena. Kasuku alimwacha amalize yote. Kisha akatugeukia.

"Nitayasema yote. Yaliyo yangu nitawaambia ni yangu, na yaliyo yake nitawaambia ni yake. Naanza na yangu. Neno hili 'beady' limezaliwa na ushanga. Sisi tukisikia ushanga tunaona urembo. Kwa hiyo ningeweza kusema mama huyu ana macho ya shanga, mngeshangilia, naye angefurahi, na mimi ningekuwa nimewadanganya nyote. Kwa Kiingereza, ukisema mtu ana macho ya namna hiyo, unasema ni madogo, ya mviringo, yanang'aa, na mara nyingi unasema pia kwamba hayana wema. Ni macho ya panya ghalani, au ya mtu anayetamani cha mwenzake. Bibi harusi haambiwi hivyo. Mtunza stoo, mzee wangu, yule mpishi alikutukana."

"Nilijua," mzee akaitikia, na watu wakacheka, pumzi zikarudi.

"Lakini neno halitembei peke yake," Kasuku akaendelea. "Wenye lugha hiyo wana msemo mwingine, wa kukiwekea kitu jicho la namna hiyo. Jicho, si macho. Hapo habari za sura zimekwisha, inabaki kazi: kuangalia bila kuchoka na bila kudanganyika. Husemwa hata kwa utani, hata kwa mapenzi. Sisi wenyewe tunayo hayo. Mwambie jirani yako ana jicho, mtagombana mpaka jioni. Mwambie fundi ana jicho, atakusogezea kiti ukae. Mgeni alisema mkaguzi anauwekea kila mkanda jicho hilo. Kwa maana hiyo nikasema jicho kali, lisilopitwa. Yangu yameishia hapo."

Akasimama wima zaidi, kama anayempisha mtu apite.

"Sasa ni yake. Anasema: Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa mfupi, na alituwekea sisi wajukuu jicho la namna hiyo. Akikuangalia, uongo unafia mdomoni. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa lake, na leo limenitoka kama lilivyokuwa likinitoka kwa bibi. Sura ya mama huyu nilikuwa siijui mpaka saa hii. Niliujua muhuri wake tu. Nilichokisifu ni kazi. Ikiwa neno langu limemwumiza, naomba anisamehe, tena anisamehe mbele ya hawahawa niliolisema mbele yao."

Kisha Kasuku akamtazama mama yake. Sijui angefanya nini mtu mwingine. Kulifunika lile neno kungekuwa rahisi, nasi tusingejua. Yeye aliliweka mezani, baya lake na zuri lake, mbele ya mama mzazi aliyechekwa kwa hayo macho tangu utotoni, mbele ya watu waliomcheka.

Mama mkaguzi alisimama polepole. Akapangusa nyuzi kwenye aproni.

"Macho yangu ni madogo," alisema. "Nayajua, ninayaosha kila asubuhi. Mama yangu alinipa haya, hakuwa na mengine ya kunichagulia. Mgeni amesema yanaona, basi inatosha. Mwambie sina kinyongo. Na mtunza stoo naye amefanya vizuri, kasoro huulizwa ikiwa bado iko mezani. Sasa endelea, mwanangu. Mgeni amesimama muda mrefu."

Mkalimani, nilikuja kuelezwa baadaye, akisema "mimi" huwa hajisemi mwenyewe, anakuwa yule anayemsemea. Kwa hiyo Kasuku alipoyageuza maneno ya mama yake kwa Kiingereza, ilimbidi aseme na lile la mwisho, kwa kinywa cha mama, akijiambia mwenyewe aendelee, mwanangu. Hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka. Ilitetemeka kwenye neno moja tu, ikasimama. Mhandisi aliinama mbele ya mama mkaguzi mpaka tukaona utosi wake.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Bado.

Mgeni akafungua begi, akautoa ule mkanda. Meneja akasogeza kabati la kioo karibu, mpiga picha akajiweka sawa. Mgeni akauweka mkanda mbele ya mama mkaguzi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana. Na yeye, wallahi, alitusahau sote. Aliuvuta mkanda kwenye mwanga, akainama juu yake, akaupitisha chini ya kidole gumba, akaugeuza, akakwangua mshono kwa ukucha. Mpiga picha alisubiri mpaka akashusha kamera. Hatimaye mama akainua uso, akamwambia binti yake amuulize mgeni kama ameuvaa tena tangu aanguke.

Mgeni akajibu kwa fahari kwamba ndiyo, anapanda nao kila mara, kwa sababu hauamini mkanda mwingine wowote kama huu.

"Mwambie mapenzi hayo ayaache," mama akasema. "Mkanda ukishamdaka mtu, umemaliza kazi yake. Nyuzi za ndani zimevutika. Mara ya pili hautamshika."

Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa mkasi. Meneja akaelewa, akaanza kusema mama subiri, kabati, wateja, lakini mkasi ulikuwa umekwisha kuuma. Aliukata katikati, na haikuwa kazi rahisi, ilibidi aubane kwa goti. Vipande viwili vikaanguka mezani. Mgeni alibaki mdomo wazi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ile bandeji, na tulipoona yeye anacheka na sisi tukaachia, hata meneja, ingawa kicheko chake kilikuwa na uchungu kidogo.

Mama mkaguzi hakucheka. Alikwenda kwenye rundo la mikanda iliyokwisha kupigwa muhuri, akachagua mmoja, akaukagua upya kana kwamba hajawahi kuuona. Akarudi, akamvisha yule bwana mrefu, akafunga kifungo, akauvuta kwa nguvu mpaka jamaa akaja hatua moja mbele. Ndivyo mzazi anavyomfunga mtoto vifungo siku ya kwanza ya shule. Alipokuwa akimvuta vile, mhandisi alisema kitu kwa sauti ya chini. Kasuku hakukigeuza mara moja. Mama akamwuliza amesema nini.

"Anasema anakushukuru, na kwamba mtoto wake atalijua jina lako."

Mama akatikisa kichwa mara moja, akampa mgeni mkono wa kuagana, akarudi kwenye meza yake, akawasha taa.

Mtunza stoo alimfuata Kasuku mlangoni. Nilidhani anakwenda kuomba radhi, lakini alikwenda kumpa mkono, akamwambia amewasikia wakalimani wengi bandarini huko duniani, na hakuwahi kumwona mmoja aliyelifungua neno hadharani likawa linamchoma yeye mwenyewe. Kasuku akamshukuru kwa kusimama, akamwomba siku moja amfundishe maneno mengine aliyoyasikia jikoni melini. Mzee akajibu kwamba yapo mengi, ila mama yake asiwe karibu.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja, mama, binti na mimi. Kasuku alikuwa amevua viatu vya kisigino, amevishika mkononi, anatembea na kandambili za mama yake za akiba. Mimi nilikuwa nimejaa maneno, lakini nilijizuia, nikijua wenyewe ndio wenye haki ya kuanza.

Tukasimama dukani kuchukua sukari. Muuza duka, ambaye habari humfikia kabla haijatokea, akauliza makofi ya kiwandani leo yalikuwa ya nini, maana yalisikika mpaka barabarani. Nikajua sasa tutasikia. Nilingoja mama aseme habari za mgeni aliyevuka nchi kadhaa kuja kumwinamia. Nilingoja aseme habari za mkanda, au hata za lile neno. Hakutaja hata moja.

"Binti yangu alikuwa kazini," alisema, na alilisema hilo taratibu, kila neno likikaa mahali pake. "Mgeni anasema kule, yeye analeta huku. Sisi tunasema huku, yeye anapeleka kule. Watu wazima wamekaa wanamsikiliza. Nimemwangalia mwanzo mpaka mwisho, nimemtafuta kasoro kama ninavyotafuta kasoro popote." Akaweka kikapu juu ya kaunta. "Sikuipata."

Kasuku aligeuka upande wa rafu, akajifanya anasoma maandishi kwenye makopo ya maziwa. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Mimi niliangalia dari.

Muuza duka akafurahi sana, akamwomba dada amwambie na yeye kitu kimoja kwa Kiingereza, chochote, asikie.

"Leo amechoka," mama akasema. "Tupimie sukari."